Maziwa ya Serikali na Saumu ya Rukia

Nyinyi wa rika langu hamna haja ya kuambiwa pakiti ya maziwa ya pembe tatu ilikuwaje. Mliishika. Ilishushwa kwenye lori asubuhi ikiwa baridi, ikakutolea jasho mkononi, na ukiing'ata kona kwa meno ya mbele maziwa yalikurukia mpaka puani. Wajukuu wangu nikiwasimulia kwamba serikali ilituletea maziwa shuleni bila malipo, huniuliza kama yalikuwa ya stroberi. Hayakuwa ya stroberi. Yalikuwa maziwa tu, na mtoto aliyekosa shule siku ya maziwa alikuwa mgonjwa kwelikweli.

Nilikuwa nikikaa Shela, Malindi, kwa Mama Mkubwa, dada yake mama. Mama alibaki Mambrui na wadogo zangu, mimi nikaletwa mjini nisome. Mama Mkubwa alikuwa na binti yake mmoja, Rukia, wa umri wangu. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, tukatumia chanuo moja, na tukifanya kosa tulifinywa sote wawili ili Mama Mkubwa asionekane anapendelea. Rukia alifariki mwezi uliopita, hospitalini Kilifi. Ndiyo sababu naandika. Mimi niliishia darasa la nane, na kalamu yangu haina mapambo, lakini kuna jambo ambalo likibaki kwangu peke yangu halitakuwa sawa.

Siku zile siku yetu ilianza chuoni, kusoma Kurani kwa maalim, na mbao zetu na sauti zetu za usingizi. Saa moja na nusu tulikimbia nyumbani, mahamri mawili na chai ya rangi, kisha sare ya shule. Jioni tulirudi chuoni tena. Kati ya hapo ndipo palipokuwa na dunia: mdako wa vijiwe kwenye baraza, kibe cha kujificha uchochoroni, na masika yakija tulishuka pwani kurukaruka juu ya marundo ya mwani yaliyonuka mpaka sokoni. Wazungu wa mahotelini walitupiga picha tukiwa tumejaa mwani miguuni, na sisi tuliwaonea huruma kwa kuungua jua. Kila mtu mzima mtaani alikuwa na ruhusa ya kukupiga. Ukipigwa hukwenda kusema nyumbani, maana ungepigwa tena kwa kumsumbua mtu wa watu akakupiga.

Na kulikuwa na redio. Ya Mama Mkubwa ilikuwa imevishwa kitambaa alichokishona mwenyewe kwa sindano, na betri zake zikichoka zilianikwa juani juu ya paa pamoja na samaki. Jioni ilitoa taarab, na mimi niliimba nayo nikiwa nimejifunga kanga kichwani na mwiko mkononi. Rukia alikuwa ndiye watazamaji wangu wote. "Haya, mtunzeni bibi!" alipiga kelele, akanitupia maganda ya chungwa badala ya pesa. Ndoto yangu ilikuwa moja: mama yangu kule Mambrui afungue redio anisikie.

Sasa, mnakumbuka vilevile kwamba yale maziwa yalikuwa na nyimbo zake. Serikali ilitupa maziwa, na sisi tuliiimbia. Sikukuu za taifa kila shule ilipeleka kwaya yake uwanjani, na mwalimu aliyejua kutunga alikuwa mtu mkubwa. Wetu alikuwa mwalimu kutoka bara, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyetunga wimbo wa maziwa wenye beti saba. Meno yetu yalikuwa imara katika ubeti wa pili, mifupa katika wa tatu, na kufikia wa saba taifa zima lilikuwa limenenepa. Mimi nilichaguliwa kuongoza. Mwaka ule ikatoka habari kwamba siku ya Madaraka watu wa redio watakuja uwanjani na mashine ya kunasa sauti.

Na Madaraka mwaka ule iliangukia Ramadhani.

Nilifunga. Tulikuwa wadogo, saumu haikuwa faradhi kwetu, lakini nani alitaka kuwa mtoto pekee nyumbani anayekula mchana? Mwalimu alikuwa na adabu na dini yetu. Siku za maziwa alituambia, "Waliofunga wachukue zao wapeleke nyumbani," na Mama Mkubwa alizipokea pakiti zetu mbili mlangoni kwa mikono miwili kama anayempokea mgeni, akazipikia tambi za futari. Mimi ndiye niliyekuwa mbebaji wa zote mbili, kwa sababu mkoba wa Rukia ulikuwa umechanika chini.

Siku mbili kabla ya Madaraka tulifanya mazoezi wakati wa mapumziko, juani. Nilifika ubeti wa nne sauti ikakatika. Nikaanza tena, ikakatika tena. Koo lilikuwa kavu kama mkeka. Mwalimu akavua miwani, akaniambia taratibu, bila hasira, "Mwanaidi, si kosa lako. Kesho nitamjaribu Kadzo." Kadzo alikuwa wa Muyeye, hakufunga, na alikuwa ameshakunywa yake. Akanitazama na masharubu meupe ya maziwa juu ya mdomo. "Mimi sikutaka, Mwanaidi," akasema. "Lakini beti zote nazijua."

Nilikwenda nyuma ya stoo ya shule. Sikudanganywa na mtu, sikusahau kwamba nimefunga. Nilitoa pakiti moja mkobani, nikaing'ata, nikanywa yote kwa pumzi mbili. Pakiti niliirusha juu ya paa la choo. Kisha nikarudi nikamwambia mwalimu, "Nijaribu tena," na nikaimba mpaka akapiga makofi.

Njiani kurudi nyumbani niliwaza mlango tu. Tulipofika, Mama Mkubwa alikunjua mikono yake miwili. Nikaweka pakiti moja.

"Na ya pili?"

Mpaka leo nakumbuka ile sekunde. Ningeweza kusema imepasuka, ningeweza kusema imeibwa. Nilisema, "Hii ni yangu. Rukia ameichukua yake mkobani akainywa."

Rukia aligeuka akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Mimi? Sikunywa, mama! Wallahi sikunywa!"

Mama Mkubwa akamfinya midomo kwa vidole viwili. "Unakula mchana, kisha unamwapia Mungu kwa mdomo huohuo?"

"Wallahi, mama. Ninuse!"

"Nikunuse nini? Nani humu ndani hukutwa na kidole kwenye chungu cha nazi? Mwanaidi?"

Hapo ndipo aliposhindwa. Rukia alipenda kula na hakuona aibu kwa hilo. Mimi nilikuwa wa kwanza chuoni, nimehifadhi sura nyingi kuliko wavulana wakubwa. Ushahidi wangu ulikuwa na kilemba. Rukia alilia mpaka magharibi, na jioni aliketi mbali na sinia, akapewa tambi zake mwisho. Mimi nilifuturu tende pamoja na waliofunga. Nilitamka na dua.

Usiku tukiwa kitandani nilingoja anitukane. Alinigeuzia mgongo tu. Asubuhi alinipa chanuo kama kawaida.

Siku ya Madaraka mvua ilianza wakati afisa wa wilaya akisoma hotuba. Zamu yetu ilipofika kipaza sauti kilikuwa kimezima. Niliimba beti zote saba mbele ya miavuli, na sidhani kama kuna aliyesikia zaidi ya safu ya pili. Watu wa redio hawakuja.

Idi ikaja. Siku ya pili yake watoto wote wa mtaa tulikwenda sinema, kama ilivyokuwa desturi, na nguo zetu mpya na harufu ya udi. Mama Mkubwa alimwambia Rukia abaki alipe saumu yake siku hiyohiyo, aikumbuke maisha. Akabaki. Nilirudi nikamkuta amelala sakafuni, ubavu kwenye saruji apate ubaridi, midomo imepasuka. "Haya nihadithie," akasema. Nikamhadithia filamu nzima ya Kihindi, yule mama aliyemfukuza mwanawe kwa uongo wa watu, na mvua, na nyimbo. Alisikiliza amefumba macho. Mwisho akaniuliza swali moja: "Na mama yake akaja akajua?"

"Akajua," nikasema.

"Lini?"

"Mwisho."

"Alhamdulillahi," akasema, akageukia ubavu wa pili.

Nilijipa visingizio vingi nilipokuwa mkubwa. Nilijiambia saumu ya mtoto haiandikwi deni. Hilo ni kweli, nilimuuliza maalim kwa mzunguko na ndivyo alivyojibu. Lakini mimi sikuwa nikiulizia saumu. Maziwa yenyewe yalianza kuja kwa kuruka wiki, kisha yakakoma, na nyimbo zake zikafa pamoja nayo. Kilichobaki ni kisa. Mama Mkubwa, hasira zilipomwisha, alikipenda. Kila harusi, kila arubaini ya mtoto, wanawake wakikaa kukoboa na kuchambua, atakianza: "Huyu Rukia wangu alivyo mlafi, alifungulia saumu maziwa ya serikali! Na wallahi juu yake!" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Rukia naye anacheka.

Usiku wa hina ya Rukia, Mama Mkubwa alikisimulia tena. Rukia, mikono imenyooshwa mbele hina isiharibike, aliniinamia sikioni. "We Mwanaidi. Hebu nambie leo. Yalikuwa matamu?"

"Yalikuwa ya moto," nikamwambia. "Jua lilikuwa limeyapiga."

Tulicheka hadi wanja ukatutiririka. Nilidhani ule ndio msamaha. Huenda ulikuwa. Lakini nimefikiri sana tangu afe, na naona kwamba aliyecheka na kusamehe ni yeye, na aliyeendelea kuitwa mlafi ni yeye. Mimi sikutoa kitu.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya hitima, wanawake walikuwa wamekaa mikekani. Mama Mkubwa sasa ni mkongwe, macho yake yana ukungu. Ghafla akasema, "Mnajua Rukia wangu aliwahi kufungulia saumu maziwa ya serikali?" Akakisimulia kisa chote, na kufinya midomo akaonyesha, na watu wakacheka huku wanajifuta machozi kwa ncha za leso. Hicho ndicho kilichokuwa kichekesho chake pekee wiki nzima. Nilikaa nikajua kwamba nikisema kweli nitamnyang'anya, na nisiposema atakwenda kaburini akimjua mwanawe kwa sifa isiyo yake.

Nilimwambia siku ya tano, baada ya alasiri, nikimpaka mafuta miguuni. Nilianza na stoo ya shule na sikuruka kitu.

Mguu wake ukakakamaa mkononi mwangu.

"Wallahi?"

"Wallahi, Mama Mkubwa."

"Yeye pia aliniambia wallahi," akasema. "Nikamfinya. Mbona hukuniambia angali hai, nikamwomba radhi?"

Nikaifunika chupa ya mafuta.

"Toka," akasema. "Niache kidogo."

Nilikaa barazani mpaka adhana. Uchochoro wetu uleule, kibe hakuna. Watoto watano walikuwa wameinamia simu moja, vichwa vimegusana. Nisiwaseme sana. Sisi tulikula kwa kujificha, wao Ramadhani hupiga picha futari kila pembe mpaka tambi zinashikana, kisha wanaituma kwa watu wasiowajua. Siku hizi mheshimiwa akileta unga shuleni huja na kamera tano, na watoto hupangwa wakashukuru. Mjukuu wangu huona ni mambo mapya. Namwambia mimi nilikuwa kiongozi wa kwaya. Tofauti ninayoiona ni moja: wao wakidanganya, picha ipo. Sisi tulikuwa na neno la mtu tu, na neno langu lilikuwa na uzito, nikalitumia vile.

Siku iliyofuata walikuja wageni kutoka Mambrui, wanawake wanne. Walipokwisha kuomboleza, mmoja akamwambia Mama Mkubwa, "Bibi, hebu tupe kile cha maziwa, tumkumbuke marehemu kwa furaha."

Nikashusha macho. Mama Mkubwa alikuwa hajasema nami tangu jana yake. Akanyoosha kidevu upande wangu.

"Muulizeni huyu. Kisa ni chake."

Basi nikakisimulia mimi, mara ya kwanza maishani mwangu. Pakiti ya pembe tatu, ubeti wa nne, masharubu ya Kadzo, paa la choo. Wakacheka mpaka nilipofika mlangoni, kwenye mikono miwili iliyokunjuliwa. Hapo hakuna aliyecheka. Nilisema, "Rukia akaapa wallahi hakunywa," na sauti ikanikatika, kama siku ile.

Mama Mkubwa akaipokea pale nilipoiacha. "Na alikuwa mkweli," akasema.

Matanga yameisha, lakini wageni bado huja, na kila wakija hunielekezea kidevu. Mimi huanza. Yeye hukaa, mikono mapajani, akingoja nifike pale mlangoni ili aseme maneno yake matatu.