Harambee Yangu na Mgeni wa Heshima

Siku ya harambee yangu naikumbuka mpaka harufu ya pilau, mwanangu. Ilikuwa hapa hapa mtaani Landless, Thika, uwanja wa kanisa letu. Nilikuwa nimeitwa chuo cha ualimu, baba hana karo. Akatokea bwana mmoja, akasema ana skolashipu ya kunipeleka kusoma ng'ambo, kila kitu kimelipwa. Kilichobaki ni ada kidogo ya makaratasi, alipwe yeye mkononi kabla ya Jumatatu. Baba alifurahi, akaitisha harambee watu wachange ada hiyo, na bwana yule akamfanya mgeni wa heshima. Haiya! Mwizi tulimpikia wenyewe na kumpa kiti cha mbele.

Mimi roho ilikataa. Nilikuwa nimemuuliza ni msichana gani mwingine wa huku amewahi kumpeleka. Akasema nisiulize sana, na nisiwaambie wenzangu, watanionea wivu. Msaada gani huu wa kufichwa, na mbona anayenisaidia ndiye anayeomba? Nilimwambia baba, akasema nisiharibu bahati yangu.

Sasa, kwetu mchango ukiisha, anayechangiwa husimama ashukuru, ndipo pesa zikabidhiwe. Nikasimama. Niliwaona akina mama wa sokoni waliotoa pesa ya stoki ya kesho. 

"Asanteni sana," nikasema. "Ila pesa zenu hazitakabidhiwa leo. Jumatatu mgeni wetu atatupeleka ofisini kwao, mimi, baba na mwenyekiti wa kamati. Tutalipia huko huko, tupewe risiti."

"Kaa chini!" baba akafoka. "Unaniaibisha mbele ya mgeni?"

"Sikai, baba. Hizi ni pesa za watu."

Mgeni akacheka, akasema hakuna shida, ngoja achukue barua kwenye gari. Wee! Aliacha paja la kuku halijaumwa. Tulisikia tu gari likikata kona.

 Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akisema pole, alisimama akanishika bega. "Huyu ni wangu mimi," akawaambia. Hata leo nikiyakumbuka maneno hayo kifua kinajaa. Pesa zile zililipwa chuo cha ualimu chenyewe, na nimefundisha watoto wa Thika na Ruiru mpaka nikastaafu. Najivunia, sitaficha.

Siku hizi matapeli hawaji na gari. Wanakutumia meseji ukiwa hosteli huko Kahawa Wendani: hongera, umechaguliwa, tuma ada kidogo, nafasi inafungwa jioni. Mwanangu, mfadhili wa kweli hakuombi pesa ili akupe pesa. Na skolashipu ambayo hukuiomba, itakuchaguaje? Usimtumie mtu usiyemjua picha ya kitambulisho, wala namba ya siri ya simu hata akijiita profesa. Ingia ofisi ya karo ya chuo chako, uliza ana kwa ana. Namba ya kupiga itafute mwenyewe, usipige ile waliyokutumia. Wakikuharakisha, tulia. Wakisema usimwambie mtu, niambie mimi. Na kama umeshatuma, usijifiche kwa aibu. Piga ripoti polisi mapema, sisi tuko nawe.

Mungu akupe karo safi, walimu wema na mdomo wa kuuliza. Usome, umalize. Nguo ya kuvaa kwa graduesheni yako nimeshaipeleka kwa fundi, na wewe bado uko mwaka wa kwanza.