Nilijipaka magome ya mkwinini kumwachisha mwanangu ziwa, mwenyewe sikuwahi kuyaonja

Wakuu, salaam. Wadogo zangu marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Hii siyo chai. Nimekaa nayo moyoni miaka yote, leo naitema. Akaunti nimefunguliwa na mjukuu, asilaumiwe.

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa mke kijana, kijiji cha ujamaa huku Biharamulo. Mume wangu alikuwa mgambo. Kabla ya kwenda vitani alipewa ruhusa ya kuja kuaga, akalala nyumbani. Mtoto wetu, Laurenti, alikuwa na miezi minane.

Asubuhi lori lilipowachukua, mama mkwe akaniita jikoni.

"Mama Laurenti, mumeo alilala humu. Huyo mtoto mwachishe ziwa leo, utambemenda."

Kwa vijana wa leo: tuliamini wazazi wakikutana kimwili mtoto angali ananyonya, hasa mimba ikiingia, anadhoofika mpaka anakufa. Niliogopa hilo kuliko mabomu!

Nyuma ya kanisa kulikuwa na mkwinini uliopandwa na mapadre. Wenye homa walichemsha magome yake. Mimi nilikuwa sijawahi kuyanywa. Mama mkwe akayatwanga, akaloweka, nikajipaka kwenye chuchu.

Laurenti akatambaa mbio, akashika ziwa. Akaliachia. Akanitazama usoni, wakuu. Kisha akalia.

Siku ya tatu hakutaka hata nimpakate.

Wiki iliyofuata homa ikamshika. Zahanati dawa hamna, zimeenda kwa askari. Mganga wa pale akaniambia, "Mnyonyeshe sana, asiishiwe maji."

Ee Mungu wangu.

Nilijiosha kwa sabuni mara nne, sijui tano. Kila nikimsogezea ziwa anageuza uso. Nikakamua kwenye kijiko, akafunga mdomo. Mama mkwe akapiga magoti kumbembeleza, "Nyonya, baba, nyonya," huku analia.

Alifia mikononi mwa bibi yake, kwa sababu mikononi mwangu alikuwa hatulii.

Malaria ndiyo iliyomuua, najua. Na mimba yenyewe haikuwepo. Mume wangu alirudi salama. Aliniuliza habari za mtoto mara moja tu, hakurudia.

Sasa juzijuzi tulikuwa na harusi ya mjukuu, Rusumo. Nikaletewa toniki, ile soda ya kuchanganyia pombe kali. Nikapiga funda moja nikatema kwenye leso. Nikamuuliza dada wa kaunta, hii ni nini? Akacheka: "Bibi, hiyo ni kwinini, inatoka kwenye gome la mti. Na hapo imetiwa sukari."

Nilitoka nje nikalia. Watu wakadhani ni furaha ya harusi.

Funzo langu ni dogo. Kabla hujamwekea mtoto kitu mdomoni, kionje wewe kwanza.

Mlioachisha watoto kwa shubiri au pilipili, njooni mseme yenu. Na wa kunitukana atukane tu, nitasoma zote.

Mimi ladha yangu nimeijua uzeeni. Laurenti aliijua akiwa na miezi minane, na hakuwekewa sukari.