Picha ya Barafu

Bahari ya ncha ya kusini ya dunia naijua ikiwa ndani ya chupa. Miaka yote niliyosoma Ulaya, wenzangu walipanda meli wakaenda kuyateka maji yake, nami nilibaki maabara nikiwasubiri na makasha yao. Kazi yangu ilikuwa kuchuja. Maji ya huko yana chuma kidogo mno, na hicho kidogo hakitulii: leo kimeyeyuka majini, kesho kimenasa kwenye chembe za udongo zinazotoka chini ya barafu, kinazama nazo, na njiani kiasi kinabanduka na kurudi majini. Nilipima kilichopita kwenye chujio na kilichobaki juu yake. Ni kazi ya mtu mwenye subira, nami sina, lakini niliipenda. Ukipiga chafya karibu na chupa, umeiharibu. Vumbi jekundu la Bunia, mji wetu huko Kongo, lililokuwa kwenye viatu vyangu lilikuwa na chuma cha kuharibu shehena nzima.

Siku moja mwenzangu alinitumia picha kutoka safarini. Mtu amesimama juu ya barafu, koti zito, kofia imemfunika uso mpaka machoni, kando yake chupa kubwa za kutekea maji. Nikampelekea baba kwa simu, nikaandika: kazi yetu. Baba akajibu kwamba amelia kwa furaha kuniona nimefika mbali hivyo. Maneno mawili tu yangetosha, si mimi. Sikuyaandika. Nilifurahi kuwa yule mtu, na mpaka leo naona haya kulisema hilo.

Niliporudi nyumbani mwaka huu nilikuta picha imekuzwa, imewekwa fremu, inaning'inia saloni, chumba chetu cha wageni. Baba ni shemasi, na alikuwa ameomba ibada ya shukrani. Ndugu yake wa kijiji cha Bule alileta ng'ombe. Mchungaji alikuwa ameshatangaza kwamba mtoto wa shemasi, aliyetembea juu ya bahari, atatoa ushuhuda. Petro mwenyewe alizama, nikawaza, lakini sikuweza kucheka.

Jumamosi alasiri nilimfuata baba nyuma ya nyumba, walipokuwa wamemaliza kukata nyama, nikamwambia yote. Hakupandisha sauti. Aliendelea kunawa mikono, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ng'ombe imekwisha kuchinjwa," akasema. "Sasa weye unataka mi niseme nini mbele ya watu?"

Nikamwambia nitasema mwenyewe, kesho, kanisani. Akaniambia niende nikawasaidie mama zangu jikoni. Nilikwenda, na aibu yangu ilikuwa na nafuu ndani yake, maana hakunilazimisha kuitimiza ahadi hiyo.

Jumapili nilisimama nikazungumza juu ya chuma tu. Nilieleza kwamba kinashika chembe kama vumbi linavyoshika nguo mbichi, na kwamba vijimea vya bahari ile vinakosa nguvu kikizama chote. Watu waliitikia amina hata pasipostahili. Nilidhani nimevuka. Ndipo mama mmoja wa kwaya akanyoosha mkono.

"Mutoto yetu, ile barafu, uliikanyagaka na miguu yako?"

Nilifungua mdomo. Nasema hivyo kwa sababu nataka kuamini kuna kitu kizuri kilichokuwa kinakuja. Baba alinitangulia, akainuka kutoka benchi la mbele.

"Aliikanyaga," akasema.

Vigelegele vilijaa kanisa. Baba akakaa, akajifuta uso kwa kitambaa.

Siku hiyo kulikuwa na Meza ya Bwana, mkate ambao mwenye dhambi asiyoitubu hapaswi kuula. Kwetu mchungaji huwapa mashemasi kwanza, kisha wao huwapitishia watu. Alipomfikia baba, baba alitikisa kichwa. Alipokea sahani tu, akaanza kupita benchi kwa benchi, akiwapa wengine mkate ambao yeye hakuula. Alipofika kwangu alinyoosha sahani huku akitazama ukuta. Kanisa zima lilikuwa linanitazama. Nikachukua, nikala.