Taa ya Buluu Chini ya Kitambaa

Kwa mama kila kitu cha maana huvishwa kitambaa. Redio ina chake, viti vina vyao, na kompyuta ya baba, sanduku la kijivu alilolinunua Eastleigh likiwa limeshatumika ng'ambo, lina kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye matundu, alichokifuma mama mwenyewe kwa uzi. Huko Makongeni, katika nyumba tuliyokulia baba akifanya kazi ya reli, vitambaa hivyo hufuliwa kila Jumamosi na kurudishwa vikinukia sabuni. Niliwahi kumwambia kuwa kompyuta huhitaji hewa. Akaniuliza kama nimewahi kuisikia ikikohoa.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na sauti ya baba. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa, na mwaka wake wa mwisho alijirekodi sebuleni akifanya mazoezi ya wimbo mmoja. Rekodi nyingine hatuna. Tulipotoka kumzika kijijini kwao, upande wa magharibi, mama alijifunza kuiwasha kompyuta, kuifungua rekodi ile na kuizima, basi. Mengine hakuyataka. Kila jioni, chai ikiwa jikoni, alimsikiliza.

Jumapili moja alinipigia simu nikiwa kwangu Kware.

"Kuja," akasema. "Imekataa kuwaka."

Alisema polepole, na mama si mtu wa kusema polepole. Nilipofika nilimkuta bado na nguo za kanisa, ameketi mbele ya skrini nyeusi. Kwenye pembe ya juu kistari cheupe kilikuwa kikipepesa, kikipepesa, bila kuandika chochote. Nikampigia fundi tunayemtegemea pale saiba, duka la kompyuta na intaneti ninapofanya kazi ya kuchapa.

"Niaje, siz," akaniambia. "Hiyo ni hard disk imekufa. Niletee kesho nikuwekee ingine. Vitu za ndani wewe sahau tu."

Simu yangu hupaza sauti, kwa hiyo mama alisikia yote. Nilimkatia fundi bila kumuaga. Mtu hajaiona mashine, hajaigusa, ameshaizika! Lakini hasira yangu ilikuwa woga mtupu. Kama kweli diski ilikuwa imekufa, baba alikuwa ameondoka tena, na safari hii hata mama asingekuwa na mahali pa kumtafuta.

Nikaizima kompyuta, nikaiwasha upya, nikakaa kuitazama.

Kile kitambo kabla kompyuta haijaamka nimekipenda siku zote. Asubuhi pale saiba huziwasha zote kwa pamoja, kisha nasimama tu katikati yao, mwenye saiba akidhani nafagia. Kompyuta ikipata stima haijui ni ya nani wala imebeba nini. Kwanza hupiga hodi. Hupita mlango kwa mlango katika sehemu zake, kwa mpangilio iliopewa: mahali pa sidii, matundu ya flashi, mwisho diski ya ndani. Kuna mtu? Una cha kuniamsha? Ikimpata mwenye mfumo wa kuiendesha humfuata, na hapo picha hutokea. Kila inapobisha, taa ndogo huwaka, halafu huzima. Nikizitazama taa hizo akili yangu huelea, najiona mtoto kitandani, alfajiri, baba amerudi kutoka zamu, anapita akigusa kila mlango wa nyumba kwa kiganja kabla hajakaa. Sijui alikuwa akihakikisha nini. Nilikuwa nasikia mlango wangu ukiguswa, nalala tena.

Taa za kibodi ziliwaka, zikazima. Ya sidii ikawaka, ikazima. Kisha, nyuma ya sanduku, chini ya kitambaa, ikawaka taa ya buluu ambayo sikuijua. Mwanga wake ulipenya matundu ya uzi na kumwaga nukta za buluu ukutani, juu ya kalenda, hadi karibu na picha ya baba. Nilizitazama muda mrefu kuliko ilivyofaa. Hazikuzima.

Nikafunua kitambaa. Palikuwa na flashi ya kubebea rekodi, ndogo kama ukucha.

"Mama, hii ni ya nani?"

Akaitazama mikono yake. "Yangu. Desemba nilitaka nimpeleke nyumbani, watu wamsikie."

Alikuwa ameichomeka jioni, kompyuta ikiwa imezimwa, akaiacha hadi asubuhi.

"Nilidhani itavuta polepole," akasema, "vile simu huvuta chaji. Asubuhi nikaiwasha, nikaona giza. Nikajua imevuta yote. Halafu nikaogopa kuichomoa, asimwagike."

Kumbe alikuwa amekaa na hofu hiyo ibada nzima. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamweleza kwamba kompyuta ilibisha kwa flashi kabla ya diski, ikakuta mtu yupo, ikasimama pale pale kungoja jibu. Na flashi ilikuwa tupu, haikuwa na la kujibu.

"Na yeye?"

"Yuko ndani. Hajafikiwa bado."

Nikaizima. Nikamwambia aichomoe yeye mwenyewe, naye akaichomoa amefumba macho. Nilipoiwasha, taa zilipita moja moja, kistari kikatoweka, na picha ya kila siku ikajaa kwenye skrini. Mama akakaa vizuri, akanyoosha sketi yake.

"Sasa nitamweka kwenye flashi," nikasema, "mashine ikiwa macho."

"Ngoja. Kwanza nimsikie."

Akaifungua mwenyewe. Baba aliimba, akakosea, akarudia. Mimi nilidhani ni wimbo mama alioupenda, lakini macho yake hayakutulia hadi wimbo ulipokatika katikati na baba akakohoa.

"Mama watoto," sauti ikasema, "chai iko?"

Kwenye rekodi hakuna anayejibu. Siku ile mama alikuwa nje kwenye mfereji akichota maji. Kiti kinalia, rekodi inaisha.

Mama aliinama karibu na lile sanduku.

"Iko, baba watoto," akasema. "Keti nikuletee."