Samaki Wadogo Niliowarudisha Majini

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba, mkono wangu ni mzito, na herufi nyingine nitakuwa nimezikosea. Naandika mstari mmoja, napumzika, naandika mwingine. Lakini vijana wanaofuga samaki siku hizi huniuliza tulifanyaje kazi zamani, na kusema mbele za watu sijaweza tangu ujana. Ndiyo maana naandika.

Siku ya kwanza kazini nilifika bwawani umande haujakauka. Ilikuwa miaka ya ujamaa. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Mugumu, na bwawa tulilichimba wenyewe kwa majembe. Serikali ikatuletea Bwana Samaki, mtaalamu wa ufugaji, mtu wa pwani. Aliniuliza, "Unajua kusoma mizani?" Nikaitikia kwa kichwa. "Una ulimi?" Nikaitikia tena kwa kichwa. Akacheka. "Utanifaa. Mizani haitaki maneno."

Kila Jumatatu mimi na vijana wawili wa zamu tulivuta kokoro, wavu mrefu wa kukokota. Nilitoa perege ishirini, nikawapima urefu kwa rula na uzito kwa mizani ya kuning'iniza, nikaandika katika daftari, nikawarudisha majini wakiwa hai. Chakula hakikuwa kazi yangu. Pumba za mahindi na mashudu ya pamba vilikuwa mikononi mwa Mama Gati, mjane, mtunza stoo. Ndiye aliyepima debe, na ndiye aliyewarushia samaki asubuhi na jioni.

Ukutani ofisini Bwana Samaki alibandika karatasi ya miraba yenye mstari uliopanda kama njia ya mlimani. Chini ni wiki, pembeni ni uzito ambao perege wetu walitarajiwa kuufikia. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi pwani na samaki wa baharini aitwaye gayogayo, bapa kama chapati, anayelala mchangani. Aliwafuga kwenye matangi, akapima kila walichokula na kila walichoongezeka, akapata hesabu yake. Alituambia chakula cha samaki hugawanyika. Fungu moja ni la kuishi, yaani kupumua na kuogelea. La pili ni la kukuza mwili. La tatu ni la kuzaa. Kinachobaki hutoka kama kinyesi. Ukijua mafungu hayo, alisema, unaweza kuujua uzito wa samaki kabla hujamvua.

"Macho yote mawili yako upande mmoja?" Mwenyekiti wa kijiji alimwuliza siku moja, akiitazama picha ya gayogayo.

"Yote mawili."

"Akipita adui upande wa pili?"

"Upande wa pili ni mchanga, Ndugu Mwenyekiti."

"Huyo samaki ni mvivu. Wetu wanatembea."

Watu walicheka, lakini hesabu waliiamini. Mwenyekiti aliwaahidi wakubwa wa wilaya kwamba siku ya Saba Saba kijiji kizima kitakula perege, kila nyumba. Watu walitoa pumba ambazo wangekula wenyewe mwaka ule wa jua kali.

Wiki za mwanzo samaki wangu walikwenda sawa na mstari. Halafu wakaanza kubaki chini. Jumatatu moja Bwana Samaki alikaa na daftari langu upande huu na kitabu cha stoo upande ule, akahesabu mpaka adhuhuri. Alipoinua uso hakuwa na utani.

"Kwa chakula kilichotoka stoo, hawa walipaswa kuwa kwenye mstari. Wako chini. Basi chakula hakifiki majini." Akafunga kitabu. "Mama Gati anakipeleka wapi?"

Mimi nilijua kilikokwenda. Kila Jumatatu kokoro lilipofika ukingoni, vifaranga vya samaki, wadogo kama kucha, walinasa pembeni. Niliwakung'uta, wakarudi majini. Kisha katika waliobaki nilichagua ishirini wanono. Hakuna aliyenituma. Kwetu mgeni akija kuona ng'ombe, unamtolea wale walionona. Waliokonda wanabaki zizini. Nilimwonyesha Bwana Samaki bwawa letu namna hiyo hiyo. Wadogo hawakuwamo kwenye daftari hata mmoja, na kumbe walishakuwa wengi kuliko wazazi wao, wanakula kutwa.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini nilijiona nikifukuzwa kazi, nilimwona baba yangu akichekwa. Mwenyekiti akaitisha mkutano Alhamisi. Mwizi wa mali ya kijiji angeachishwa kazi mbele ya wote, apelekwe Mugumu polisi. Jumanne nilinyamaza. Jumatano nilinyamaza.

Alhamisi asubuhi niliingia bwawani peke yangu na kipande cha chandarua. Nikavuta mara moja tu. Ndoo ilijaa.

Mkutanoni Mama Gati alisimama katikati, mikono imekunjwa.

"Mama, pumba za kijiji zimekwenda wapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Majini."

"Hesabu inasema samaki hawakuzila."

"Basi waleteni samaki waseme wenyewe!"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Nilinyanyua ndoo, nikapita katikati ya watu, nikaiweka mbele ya Bwana Samaki. Alitumbukiza mkono, akautoa na vifaranga wakirukaruka kiganjani.

"Hawa wametoka wapi?"

"Bwawani."

"Mbona hawamo kwenye daftari?"

"Nilikuwa nawarudisha. Niliandika wanono tu." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Nilitaka uone bwawa zuri."

Aliwarudisha wale vifaranga ndooni. Nilidhani atanipiga. Kisha akawageukia watu. "Gayogayo wangu walikuwa wachanga, hawajafika umri wa kuzaa. Katika hesabu yangu fungu la kuzaa nililiacha bila kulijaza, nikaja nalo hivyo hivyo hapa. Perege huzaa angali mdogo. Pumba zimeliwa, na waliozila ni hawa. Mama huyu hana kosa. Nisamehe, mama."

"Na Saba Saba tutakula nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Dagaa!" mtu akajibu kutoka nyuma.

Walipotawanyika nilimfuata Mama Gati stoo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa akipima pumba. "Mura," akaniita, kama tunavyomwita kijana kwetu, "Jumatatu ulijua?"

"Nilijua."

"Jumanne?"

"Nilijua."

"Jumatano watoto wangu walirudi shuleni wanalia. Wameitwa watoto wa mwizi." Akasawazisha debe kwa kiganja, akalibeba, akatoka kwenda kulisha samaki.

Bwana Samaki hakunifukuza. Tulikausha bwawa, tukatenga madume na majike wasizaliane, tukaanza upya. Alinipa amri moja: kutia mkono ndani ya wavu nikiwa nimefumba macho, nimpime atakayekuja. Nilifanya hivyo miaka yote. Nilihamishiwa Tarime chini ya Bwana Samaki mwingine, wa wilaya, asiyevumilia wachelewaji, kisha Musoma, nikawafundisha wengine kufumba macho. Nilistaafu na rula ile ile.

Sasa nina bwawa dogo nyuma ya nyumba. Wajukuu hucheka wakiniona nimefumba macho ndani ya maji. Hesabu ya yule Bwana Samaki wa pwani nimeisahau nusu. Siku tatu zile nilizonyamaza sijazisahau. Mama Gati tulifanya naye kazi miaka miwili zaidi, salamu yangu aliipokea kila asubuhi, na hakuna neno aliloongeza juu yake.

Ninyi mnaofuga, niandikieni kupitia ofisi ya kijiji. Nitasoma polepole, na nitajibu polepole. Lakini msiniambie habari za samaki mkubwa mliyemvua. Niandikieni wale wadogo, ni wangapi, na wana uzito gani.