Uso wa Vibao vya Mukendo

Juzi jirani yangu hapa Bweri alikuwa anapaka rangi geti, na harufu ya thina ikanifanya nifunge kitabu. Ilikuwa riwaya ya mchoraji wa Uingereza, zama za Malkia Viktoria, aliyeng'ang'ania uso mmoja hadi akapotea nao. Mchoraji wa namna hiyo nilimfahamu. Alikuwa akiishi Mukendo, nyuma ya nyumba yetu.

Tulimwita Fundi Shabani. Alichora vibao vya maduka, na kila kibao kilikuwa na mwanamke yuleyule mwenye mwanya, kafunga kitambaa kichwani. Buchani alisimama kando ya ng'ombe. Hata saluni alikuja na kitambaa chake, mwenye saluni akalalamika, "Fundi, nywele ziko wapi? Wateja watadhani nauza vitambaa!"

Watu walinong'ona kwamba kuna mwanamke Fundi kamfungia ndani. Nami nikaamini, hasa aliponitazama sana siku moja nikitoka shule, akasema, "Mwanangu, hebu geuka kidogo nilione sikio."

Nilikimbia nimeziba masikio yote mawili. Mama akampigia bibi simu Butiama. Kesho yake bibi akashuka kwenye basi, rozari shingoni, fimbo mkononi, akanyoosha moja kwa moja hadi kwa Fundi. Nilimfuata nimeshika gauni lake.

"We fundi! Mjukuu wangu unamtakia nini?"

Fundi aligeuza kibao kilichoegemea ukuta. Alikuwa mwanamke yuleyule, ila bila kitambaa, na pale pa nywele na masikio paliachwa peupe.

Bibi akashusha fimbo. "Nyangeta," akasema.

"Bee, bibi," nikaitika, lakini hakuwa ananiita mimi.

Niwaeleze. Kwetu mtoto akilia bila kunyamaza hutajiwa majina ya marehemu, na litakalomtuliza ndilo lake. Mimi nilitulizwa na jina la mama yangu mdogo, binti wa bibi, aliyefariki kabla sijazaliwa.

"Pale sokoni Bunda alikuwaga anafunga kitambaa kila siku," Fundi akasema. "Nilijua nywele nitaziona tukioana. Mama, wewe ukakataa."

"Wewe Mwislamu, sisi Wakatoliki. Ningefanyaje?"

"Sikulaumu. Nataka tu picha ikamilike."

Bibi, ambaye hata mimi sikuwahi kumwona kichwa wazi, akakalia kopo la rangi, akafungua kitambaa chake.

"Alichukua nywele zangu. Masikio pia. Chora, na usinikodolee macho!"

Kibao kile hakikutundikwa dukani. Bibi alirudi nacho Butiama, amekifunika kwa kitambaa, yeye kichwa wazi ndani ya basi.

Kwa miaka mingi niliamini Fundi alimroga bibi, maana alikwenda kumfukuza akaishia kumkalia achorwe. Nilikuja kuelewa bibi alipofariki. Tulipekua sanduku lake lote, na picha ya Nyangeta hatukukuta hata moja, ila ile ya Fundi aliyoitundika ukutani. Bibi naye alikuwa ameanza kuusahau uso ule.