Mkrismasi Uliojikaba, Bakoba

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Misitu alinipa beleshi, akanipeleka kwenye mjakaranda mbele ya ofisi yetu Bukoba.

"Nionyeshe shingo yake."

Nikatazama matawi. Akacheka. "Iko chini, binti. Pale shina linapopanuka kuwa mizizi. Ukimkuta mgonjwa, anzia hapo."

Nilihamishiwa Muleba. Kule Izigo waliniita kwa ajili ya miti ya kivuli kwenye vibanja vya kahawa. Kwa mti wa maua, hakuna aliyeniita. Nilirudi Bukoba nikikaribia kustaafu, na ndipo nilipopelekwa kata ya Bakoba kwa Ma Leokadia, mwalimu mstaafu.

Uani kwake palikuwa na mkrismasi, mti wa maua mekundu ya Desemba, alioupanda marehemu mumewe. Upande mmoja ulikuwa umekauka, na shina liliinamia chumba chake cha kulala. Mwanawe, Deogratias, alikwisha kuleta wakataji.

"Mama analala chini ya mti huu," aliniambia. "Ukianguka, utajibu wewe?"

Nikalizunguka shina, nikitazama chini.

"Mpe asubuhi hii tu," Ma Leokadia akamwambia. "Akisema ukatwe, nitanyamaza."

Shina lilizama ardhini kama nguzo, bila kupanuka. Hiyo ni dalili mbaya. Nilichimba kwa beleshi, kisha kwa mikono nisichubue gome. Nilipofika kina cha dhiraa moja, nilisita. Mzizi mnene kama mkono wangu ulikuwa umelizunguka shina na kuzama ndani ya gome. Mche ulikuzwa kwenye kopo. Mizizi ikajikunja humo, na miaka yote ile ilikuwa bado inafuata umbo la kopo ambalo halipo tena.

Deogratias akashuka shimoni, akaugusa. "Umekuwa ukijikaba wenyewe?"

"Tangu ukiwa mche."

Akawaambia wakataji watoe matawi makavu tu. Nami nikaukata mzizi kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo. Ulipokatika ulifyatuka, na nikahisi shina likitetemeka chini ya kiganja changu. Ma Leokadia akafanya ishara ya msalaba.

Sikuahidi kitu. Nilimwomba mama ahamie chumba cha mbele hadi tuone.

Desemba ya pili, nikiwa nimeshastaafu, Deogratias alinipigia simu: "Mama, njoo uone."

Upande uliokuwa mgonjwa ulikuwa umechipua matawi mapya, mekundu tupu kwa maua. Nimefanya kazi ya miti maisha yangu yote, na watu wananiita mtaalamu. Lakini mti uliokabwa miaka mingi hivyo ulitoa wapi nguvu ya kuchanua? Sijui.

"Utaishi?" Ma Leokadia akauliza.

"Utatuzika sote, waitu, mama yangu."

Akatabasamu, akiokota petali begani mwake. "Basi maua ya kaburini tumeshapata."